Re: Hotuba ya dakika 10 kuhusu malaria kwa wazazi

Mkuu, umeuliza dakika 10 mbele ya wazazi uzipangeje. Historia ya ugonjwa iache, watasinzia. Beba mambo matatu: mbu anayeambukiza ni Anopheles jike, naye huuma zaidi usiku, mtoto akipata homa apimwe kwanza, dawa mseto (mchanganyiko wa dawa za malaria) humezwa siku 3 hata kama homa imeshuka. Hilo la mwisho ulipe muda mrefu kuliko yote, maana mtoto akishaanza kucheza, vidonge vilivyobaki huishia kabatini. Nenda na pakiti yenyewe, inyanyue waone dozi zilivyopangwa. Karatasini andika vichwa vya hoja, usiandike sentensi nzima, utajikuta unasoma. Itifaki nayo ifupishe, inakula muda kweli kweli! Mazoezi fanya kwa sauti, simu ikihesabu dakika.