Grili zinadondosha maji, chumba cha nyuma hakipoi: ni gesi au dakti zinavuja?

SWALI

Assalaam alaykum. Tuna nyumba ya vyumba vitatu Mbweni, na kiyoyozi kimoja kikubwa kilichofichwa juu ya dari kinachogawa hewa kwa dakti (njia za bati za kupitishia hewa) na grili nane. Mwanzo kilifanya kazi vizuri. Sasa chumba cha nyuma hakipoi hata usiku wa manane, grili za ukumbini zinadondosha maji, na jipsam iliyozizunguka imefanya madoa meusi. Umeme wa Tukuza, ule wa kulipia kabla, unaisha mbio. Fundi mmoja ametuambia tuongeze gesi. Mwengine alipanda darini akafunga dakti kwa utepe ule wa kitambaa wa rangi ya fedha, haukuchukua muda ukabanduka wote. Tatizo ni gesi au hewa inavuja? Kama inavuja, mume wangu anaweza kuziba mwenyewe? Tumeona pia kwenye mtandao dawa inayopulizwa ndani ya dakti ikaziba yenyewe. Ni kweli?

Msomaji, Mbweni

JIBU

Wa alaykum salaam, dada. Kwa dalili hizo, gesi msinunue kwanza. Gesi ya kiyoyozi hailiwi na mashine. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikipungua ujue pana tundu, na tundu huzibwa kabla ya kujaza. Kumkubalia fundi "aongeze kidogo" bila ya kutafuta tundu ni kununua gesi ile ile kila msimu.

Kabla ya kumwita mtu yeyote, tafuteni themometa ya kawaida. Fungeni madirisha, washeni kiyoyozi dakika 20, kisha pimeni pahala patatu: kwenye grili kubwa inayovuta hewa kuirudisha kwenye mashine, kwenye grili iliyo karibu zaidi na mashine, na kwenye grili ya chumba cha nyuma. Baina ya ya kwanza na ya pili panatakiwa pawe na tofauti ya nyuzi 8 hadi 11 hivi. Ikiwepo, mashine inapoza na suala la gesi limekwisha. Baina ya grili ya karibu na ya mbali, tofauti ikizidi nyuzi 2 au 3, baridi inapotea njiani: ama inavuja, ama sufi ya kioo inayovikwa dakti kuzuia joto imelowa, ama bomba la dakti limekunjika.

Ikiwa hata grili ya karibu haina baridi ya kutosha, bado msikimbilie gesi. Pandeni mupime hewa pale inapoingia kwenye mashine yenyewe. Ikiwa pale ina joto kuliko ilivyokuwa kwenye grili ya kurudisha, basi dakti ya kurudisha inanyonya hewa ya darini. Mchana wa kaskazi hewa iliyo chini ya bati hupita nyuzi 40 kirahisi, na mashine haiwezi kuipoza hiyo pamoja na ya nyumba.

Sasa hayo maji. Vitabu vingi vya kuziba dakti vimeandikwa kwa nchi za baridi au kavu, na huko hoja kubwa ni bili ya umeme. Kwetu hoja ya kwanza ni mvuke. Hewa ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 75, ambayo ni siku ya kawaida Unguja, huanza kugeuka maji ikigusa kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 27. Hewa inayotoka kwenye kiyoyozi ina nyuzi 12 hadi 15. Kwa hiyo kila pahala ambapo bati la dakti limeachwa wazi, au hewa ya baridi inapenya ikaigusa jipsam, patatoa jasho mchana kutwa. Ndiyo maana madoa yenu yako kwenye grili.

Kuna na jambo jengine ambalo mafundi wengi hawalitii maanani. Hewa ya baridi ikimwagika darini, hairudi tena kwenye mashine. Feni lakini inaendelea kuvuta kiasi kile kile kutoka vyumbani, na pengo lile lazima lijazwe: nyumba inavuta hewa ya nje kupitia chini ya milango, kwenye fremu za madirisha na kwenye matundu ya taa. Hewa hiyo inakuja na mvuke wake. Unashusha rimoti mpaka 18, dakti zinazidi kuwa baridi, jasho linazidi. Mpaka mumalize kuziba, wekeni 25.

Ila hakikisheni maji hayo si ya bomba la kutolea maji ya mashine. Yakidondoka chini ya mashine peke yake, trei au bomba lake limeziba. Yakitokea baada ya mvua tu, ni bati la paa. Yakitokea kwenye grili za mbali na kuzidi siku za mvuke, ni jasho.

Kutafuta panapovuja hakuhitaji mtambo. Washeni feni peke yake kwa kasi ya juu, bila ya kupoza, mupande na kijiti cha udi kinachofuka, mkizingatia kwamba ni moto na darini pana vumbi na mbao. Pelekeni moshi polepole kwenye kila kiungio. Upande wa kupeleka hewa, moshi utasukumwa. Upande wa kurudisha utamezwa. Tieni alama kwa kalamu nene. Anzieni kwenye mashine mkienda nje, kwa sababu shinikizo na mvuto viko vikubwa zaidi karibu na feni: ufa wa sentimita 10 kwenye boksi la kurudishia unaharibu kuliko ufa kama huo kwenye grili ya mwisho. Tazameni hasa maungio ya mashine na maboksi yake, kola ambazo matawi yanatokea, viwiko vya bati vinavyozungushwa, na pale dakti inapokutana na jipsam. Nyumba nyengine hazina hata dakti ya kurudisha. Fundi ameacha mashine inyonye kutoka uwazi wa dari wote. Ikiwa yenu ni hivyo, kuziba kwengine hakutafaa kitu mpaka litengenezwe boksi la kurudishia lililofungwa kutoka grili hadi mashine.

Ule utepe wa kitambaa uliobanduka haukuwa bahati mbaya. Mwaka 1998 watafiti Max Sherman na Iain Walker wa maabara ya Lawrence Berkeley, California, walizijaribu tepu na dawa za kuzibia dakti kwa kuzipitisha kwenye joto na baridi ya kupishana, na ulioshindwa mara nyingi na vibaya ni huo wa kitambaa. Gundi yake hukauka, kitambaa kinajikunja. Kinachotakiwa ni mastiki ya dakti, ile ya maji, uji mzito unaopakwa kwa brashi na unaobaki na mnyumbuko ukikauka. Silikoni ya chooni si badala yake: haishiki kwenye bati lenye vumbi, na ukiipaka hakuna kitu kitakachoshika juu yake. Utepe wa foili nao una kazi, lakini muchukue ule uliopigwa chapa ya UL 181 (kiwango cha Marekani cha vifaa vya dakti) kwenye utepe wenyewe.

Kiasi kinahesabika. Mkanda wa mastiki wa upana wa sentimita 7.5 na unene wa milimita 2 unakula lita 0.15 kwa mita. Kiungio cha bomba la milimita 200 kina mzunguko wa sentimita 63, yaani kama desilita moja. Nyumba ya grili nane ina viungio 16 vya matawi, mita 8 hivi za maungio ya maboksi, na kama mita moja kuzunguka kila grili. Ndoo ya lita 4 inatosha kwa ugumu. Chukueni na akiba. Ongezeni neti ya faiba ya mafundi wa jipsam, ile ya sentimita 5, brashi ya inchi 2, glavu, spiriti, skrubu za bati zisizoshika kutu (chumvi ya bahari inazila za kawaida), na kebo tai pana. Ulizieni kwenye maduka ya vifaa vya friji na viyoyozi Mjini au Mwanakwerekwe. Mastiki ikikosekana, iagizeni Dar es Salaam ije na boti.

Ndiyo, mume wako anaweza. Azime swichi kuu ya kiyoyozi tangu usiku wa kuamkia siku ya kazi, dakti zipate joto na kukauka, kwa sababu mastiki haikamati juu ya bati lenye jasho. Apande saa moja asubuhi, kabla bati halijawaka, avae barakoa na mikono mirefu kwa ajili ya sufi ya kioo na kinyesi cha popo, na akanyage mbao tu. Jipsam haibebi mtu.

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia: mastiki inapakwa kwenye bati, chini ya sufi, si juu ya koti la foili linaloifunika sufi kwa nje. Ukiziba koti la nje, hewa inapita ndani ya sufi na kutokea mita mbili mbele, na sufi inalowa ikiwa haionekani. Kwa hiyo kateni koti kwa uangalifu, rudisheni sufi nyuma sentimita 15, banduweni utepe wa zamani wote, futeni kwa spiriti. Bomba la bati liingiliane angalau sentimita 2.5, ncha nyembamba ikielekea kule hewa inakokwenda, na likazwe kwa skrubu tatu zilizogawana mzunguko. Mastiki haikamati kiungio kinachocheza, inaziba tu. Pakeni mkanda unaovuka ufa kwa sentimita 3 au 4 kila upande, unene wa milimita 2. Ufa ukizidi milimita 6, laza neti kwenye mastiki mbichi kisha paka tena juu mpaka vishimo vya neti visionekane. Tundu la kutu halizibwi kwa mastiki peke yake. Kateni kiraka cha bati kinachozidi tundu kwa sentimita 5 kila upande, kifungwe skrubu, ndipo kipakwe.

Iacheni ikauke saa 24, na siku za masika au mvuke mwingi 48, bila ya kuwasha. Wakati mzuri wa kazi hii kwetu ni Juni hadi Septemba, kusi ikivuma na darini pana nafuu. Kisha rudisheni sufi, na koti la foili lifungwe kwa utepe wa foili, likandamizwe kwa kipande cha plastiki ngumu mpaka utepe uchukue umbo la chini yake. Koti hili ndilo linalouzuia mvuke. Likiachwa na tundu la upana wa kidole, mvuke unaingia, unageuka maji ndani ya sufi, na sufi iliyolowa haizuii joto tena. Sufi iliyokwisha kulowa itupwe, haikaukii humo. Pale pembamba pasipoingia sufi, kama kwenye kola na shingo za grili, vikeni raba nyeusi ya povu ya milimita 25, viungio vyake vikigandishwa kwa gundi yake.

Mabomba ya kunyumbuka yana utaratibu wake. Ngozi ya ndani inavutwa juu ya kola sentimita 2.5 au zaidi, inapigwa utepe wa foili, kisha kebo tai inakazwa kwa koleo. Baada ya hapo sufi, na koti la nje na kebo tai yake ya pili. Wengi hufunga koti la nje peke yake, na ngozi ya ndani inachomoka baada ya muda, hewa yote ikamwagika humo. Nadhani hicho ndicho kilichokikuta chumba chenu cha nyuma, kwa hiyo kianzeni hicho. Bomba linyooshwe, lishikiliwe kila mita 1.2 hadi 1.5 kwa mkanda wa upana wa sentimita 4, si kwa waya unaolikata kiuno. Likiwa limetafunwa na panya au kupasuliwa na komba, libadilisheni lote.

Grili zifungueni kwa chini. Mtaona upenyo baina ya boksi la bati na jipsam. Uzibeni kwa mastiki, kisha wekeni ukanda mwembamba wa povu nyuma ya grili kabla ya kuikaza. Katika nyumba ya hapa, upenyo huu mdogo ndio chanzo cha madoa mengi, na ndio unaochukua dakika chache kuumaliza.

Dawa ya kupulizwa ndani ni kweli ipo. Ilitoka katika kazi ya Mark Modera, maabara ile ile ya Berkeley, miaka ya 1990: grili zinafungwa, hewa yenye chembe za gundi inasukumwa ndani, na chembe zinajirundika kwenye kingo za matundu yanakopenya. Inaziba nyufa za takriban milimita 16 kushuka chini. Haiungi bomba lililochomoka wala haikaushi sufi, kwa hiyo kwenu haiwezi kuwa kazi ya kwanza.

Mkimaliza, rudieni vipimo vya themometa, na angalieni milango. Chumba kisicho na grili ya kurudisha kinahitaji upenyo wa sentimita 2 hadi 3 chini ya mlango, la sivyo hewa haina pa kutokea na chumba hakipoi hata dakti ikiwa mpya. Filta ioshwe kila mwezi wakati wa kaskazi. Ikijaa vumbi, mvuto kwenye upande wa kurudisha unaongezeka na kila ufa uliosahaulika unanyonya zaidi.

Jipsam msiipake rangi kwa haraka. Iendesheni mashine wiki moja kwanza, mukigusa kuzunguka grili kila asubuhi. Pakiwa pakavu siku zote, kwangueni ukungu mukiwa na barakoa. Palipolainika mkipabonyeza kwa kidole, kateni na kuweka kipande kipya. Palipobaki pagumu, pigeni kwanza rangi ya mafuta ya msingi, kwa sababu rangi ya maji peke yake huliachia doa lijitokeze tena juu yake.