Mwanangu hataki tena kwenda likizo nasi

Shangazi,

Nina watoto watatu: wa kiume ana miaka 14, binti ana 11, kitindamimba ana 6. Kila likizo ya kiangazi tunakwenda ziwani, tunapiga hema, watoto wanaogelea na kuendesha baiskeli tangu alfajiri. Mwaka huu mkubwa analala mpaka saa 6 mchana, akiamka yuko kwenye simu, nikitaja ziwa ananijibu, “Nendeni tu.” Nimepanga ratiba ya kila siku asipate nafasi ya kujifungia chumbani, lakini tunaishia kugombana. Juzi nilimkuta anamfundisha mdogo wake baiskeli, ameshika kiti kwa nyuma. Nilipotoa simu nimpige picha, akaachia akaenda zake. Baba yao anasema nimwache. Usiku natazama picha za zamani nalia. Nifanye nini arudi kuwa kama zamani?

Mama Watatu

Pole sana, mwanangu. Asikwambie mtu kwamba unajiliza bure. Yule mtoto aliyekuwa akikung’ang’ania shingoni majini kaondoka, na hukupata hata nafasi ya kumuaga. Ila nitakueleza ukweli: huyo harudi. Ratiba yako inagonga mwamba kwa sababu umempangia yeye, na anayelala chumba cha pili ni mwingine.

Tuanze na usingizi, maana ndiko ugomvi unakoanzia. Kijana akibalehe, saa ya mwili wake husogea. Melatonini, homoni inayoleta usingizi, huchelewa kutoka, kwa hiyo usingizi wenyewe haumjii mapema hata akitaka. Wataalamu wanapendekeza vijana wa miaka 13 hadi 18 walale kwa muda wa saa 8 hadi 10 kwa siku. Aliyelala saa 7 usiku akiamka saa 4 asubuhi hajafanya uvivu wowote. Saa 6 mchana imezidi, hapo mwamshe bila kusita. Lakini kumburuta ziwani alfajiri ni kutafuta shari. Simu zilale sebuleni usiku, za wote, na yako ikiwemo.

Halafu fikiria hilo la kuogelea. Wavulana wengi hurefuka kwa kasi zaidi wakiwa na miaka 13 au 14, na nyayo na miguu hutangulia kabla kiwiliwili hakijafuata. Sauti nayo inamkatika katikati ya maneno. Kijana wa hivyo akiambiwa avue shati mbele ya watu ana sababu ya kusema “nendeni tu”, na sababu hiyo hatakutajia. Usimhoji. Akitaka kuingia majini na fulana, aingie nayo, na asiwepo wa kumtania.

Sasa turudi kwenye baiskeli, kwa sababu naona umelipita haraka jambo kubwa kuliko yote uliyoniandikia. Hakuna aliyemtuma. Alishika kile kiti kwa hiari yake, akakimbia nyuma ya mdogo wake. Huyo si kijana aliyeichoka familia yake! Anataka kuwa ndani yake akiwa mkubwa, naye mahali pa mkubwa hajapewa bado. Safari hii mpe. Achague yeye pa kupiga hema, asimamie kulisimamisha, aamue njia ya baiskeli. Na akichagua mahali pabaya, laleni hapo hapo, usimsahihishe usiku kucha. Aje na rafiki mmoja kama wazazi wa huyo wameridhia. Safari moja fupi iwe ya lazima kwa kila mtu, nyingine awe na ruhusa ya kukataa. Baba yao hajakosea kabisa, ila kumwacha tu hakutoshi.

Simu yako nayo ikae mfukoni. Utafiti wa mwanasaikolojia Linda Henkel wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba watu waliopiga picha vitu vya makumbusho walivikumbuka kidogo kuliko walivyokumbuka vile walivyotazama tu. Piga moja ukipenda, kisha tazama kwa macho yako. Hasa umtazame kitindamimba, kwa sababu watu wazima wengi hawakumbuki yaliyowapata kabla ya miaka 3 au 4, lakini miaka 6 ni umri ambao mambo yameanza kukaa kichwani. Likizo hii huenda akaikumbuka maisha yake yote, na sipendi akumbuke makelele ya mama na kaka yake mlangoni mwa chumba.

Mwisho, kuna jambo limenisumbua tangu nilipoanza kusoma. Binti yako wa miaka 11 umemtaja mara moja, umri basi. Wasichana huanza kurefuka mapema kuliko wavulana, kwa kawaida kama miaka 2 hivi, kwa hiyo mabadiliko unayomlilia kaka yake yanaweza kuwa yameshaanza kwake wewe ukiwa unagombana na mwingine. Wiki hii, kabla ya safari yoyote, toka naye peke yake, nyinyi wawili tu. Mwulize anapenda kufanya nini likizo hii, na usiende na jibu lako tayari. Kisha niandikie amesema nini.

Shangazi