Anzeni na Orodha ya Wanafunzi

Mmeuliza: chuo kinachotaka kuhamia kwenye mifumo ya kidijitali kianzie wapi?

Kianzie kwenye orodha ya wanafunzi, kabla hakijanunua kompyuta hata moja. Udahili wana jedwali lao, uhasibu lao, ofisi ya mitihani lao. Mwanafunzi yuleyule ni Mohamed huku na Muhammad kule, na mfumo unawahesabu watu wawili. Ada amelipa, lakini matokeo yake yamefungwa kwa kuwa malipo yamekaa kwa yule "mwingine". Ni uonevu, na hakuna aliyeukusudia.

Dawa ni namba. Namba ya usajili itumike katika kila mfumo, bila ubaguzi. Kwa vyuo vya Tanzania, pembeni yake iwekwe namba ya mtihani wa kidato cha nne, ile ya mtindo wa S0101/0023/2019, kwani hata maombi ya mkopo HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, huitumia hiyo. Aliyerudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea atakuwa na nyingine inayoanza na P. Zihifadhiwe zote, kila moja kwenye safu yake. Barua pepe isitumike kumtambulisha mtu, maana watu huzibadilisha.

Excel ndiko data inakoharibikia. Safu ya namba ipangwe kuwa maandishi kabla ya kubandika chochote. La sivyo 00457 inakuwa 457, na 04/2021 inageuka tarehe. Mara nyingi kosa hili halitoi onyo, mtaligundua matokeo yakitoka. Futeni pia nafasi tupu mwishoni mwa majina, kisha hifadhini faili kwa CSV ya UTF-8, faili la maandishi matupu linalosomwa na mifumo mingi, ndipo mliingize kwenye Moodle, mfumo wa kufundishia mtandaoni.

Msihamishe wote kwa mkupuo. Chagueni wanafunzi kama 50, tena wenye historia ngumu: aliyeahirisha mwaka, aliyehama programu, mwenye sapu (mtihani wa marudio), aliyebadili jina baada ya ndoa. Linganisheni alama zao na daftari la zamani, moja baada ya moja. Muhula mzima mifumo yote miwili, wa zamani na mpya, iende sambamba. Jina lirekebishwe na ofisi ya msajili peke yake. Idara nyingine zisome tu.

Video za mihadhara zije baadaye. Kwa mwanafunzi anayenunua bando, sauti ya saa nzima kwa kilobiti 32 kwa sekunde ni kama MB 14 tu, wakati video ya saa hiyohiyo hufika mamia.