Ukiona kivimbe kwenye jani, andika mmea kwanza

Rekodi nyingi za vivimbe ninazotumiwa na wenzangu zina picha nzuri ya kivimbe, basi. Mmea haujulikani. Hilo linaniuma, maana visubi wa jamii ya Cecidomyiidae, vijinzi ambavyo mabuu yao husababisha vivimbe vingi, ni wadogo mno na hufanana sana. Mara nyingi kinachowatenganisha ni mmea wanaotagia, na sehemu yake: jani, chipukizi au ua.

Chukulia mpunga. Kisubi wa Afrika, Orseolia oryzivora, alidhaniwa kuwa yuleyule wa Asia, Orseolia oryzae, mpaka alipopewa jina lake mwaka 1982. Buu wake huingia ndani ya chipukizi changa, na badala ya jani la kawaida linachomoza bomba jeupe kama jani la kitunguu. Chipukizi hilo halitoi suke tena. Sasa geukia kingo za jaruba: nyasi aina ya Paspalum scrobiculatum nayo hutoa bomba la namna hiyo, ila mdudu wake ni Orseolia bonzii, naye hana shida na mpunga. Ukiandika tu "bomba jeupe, bondeni", hakuna atakayejua umeona yupi.

Kwa hiyo mimi hupiga picha mmea mzima, kisha jani juu na chini, kisha kivimbe kando ya rula. Halafu natoa wembe. Pasua taratibu, uangalie kwa lenzi ya mkono: buu wa kisubi hana miguu, kichwa chake hakionekani vizuri, na mara nyingi ana rangi ya chungwa, njano au nyeupe. Ukikuta manyoya tupu bila buu, fikiria utitiri. Vivimbe vya mikaratusi vinavyosababishwa na Leptocybe invasa ni kazi ya nyigu. Na ile miiba iliyovimba ya mgunga Vachellia drepanolobium huoteshwa na mti wenyewe. Sisimizi wanaoishi ndani yake ni wapangaji tu.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni ganda la pupa (hatua kati ya buu na mdudu kamili) lililonasa kwenye tundu la kutokea. Lipige picha kabla upepo haujalipeperusha.

Vivimbe vingine vifuge kwenye chupa iliyofunikwa kitambaa. Akitoka kijinyigu cheusi, usimhesabu haraka kuwa ndiye mwenye kivimbe. Huenda ni kimelea aliyemla buu, kama Platygaster diplosisae kwenye mpunga. Mkulima anamhitaji huyo, kwa hiyo mpe mstari wake kwenye daftari, pamoja na tarehe aliyotoka.