Dayosisi ya Wakefield ilienda wapi?

Mama mkubwa, shikamoo. Umeniuliza kwa niaba ya kina mama wa kanisani Musoma: ile Dayosisi ya Wakefield ya Kanisa la Anglikana huku Uingereza, rafiki wa Dayosisi ya Mara tangu zamani, ni kweli ilifutwa? Na Wazungu wameacha kusali? Nawajibu bila kuficha.

Ilifutwa kweli, siku ya Pasaka, tarehe 20 Aprili 2014. Iliunganishwa na Dayosisi ya Bradford na ile ya Ripon na Leeds, ikawa Dayosisi moja ya Leeds. Wakefield ilizaliwa mwaka 1888, enzi za makaa ya mawe na viwanda vya sufu, watu wakimiminika mijini. Kisha viwanda vikafa. Mgomo wa wachimba makaa wa 1984 na 1985 ulishindwa, migodi ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Mgodi wa Caphouse, nje kidogo ya mji, sasa ni makumbusho. Wachimbaji wa zamani ndio wanaokushusha mita 140 chini ya ardhi wakikuonyesha walivyofanya kazi.

Lakini msidhani Wakefield ilijifia yenyewe. Machi 2013 sinodi yake, yaani baraza lake la maamuzi, iliukataa muungano. Zile mbili zikakubali. Askofu Mkuu wa York wakati huo, John Sentamu, mzaliwa wa Uganda, jirani zetu wa ziwa, akaruhusu suala liende Sinodi Kuu ya kanisa zima la Uingereza, nako likapita Julai. Wazee wa hapa Wakefield bado linawauma, na mimi nawaelewa: ulisema hapana, ukaunganishwa vilevile.

Kusali wanasali, ila ni wachache. Ninaposali mimi, bibi anayesoma somo la kwanza ndiye anayehesabu sadaka, na baada ya ibada ndiye anayechemsha chai. Paa linavuja, na kwa kuwa jengo ni la kale, huruhusiwi kupigilia bati upendavyo, lazima kibali. Padre ana makanisa mengine ya kuhudumia. Kwa hiyo mkisikia "kanisa la Uingereza", msione hazina iliyojaa. Shilingi yenu ya harambee na pauni ya bibi huyu zina uchungu uleule.

Urafiki wenyewe upo. Leeds iliurithi, sasa ni rafiki wa dayosisi za Mara, Tarime na Rorya. Kanisa Kuu la Watakatifu Wote hapa Wakefield nalo limebaki kanisa kuu, moja kati ya matatu ya dayosisi mpya. Basi waambie kina mama waandike, ila safari hii wasianze na maombi ya fedha. Waulize kwanza hali za wenzao, wawatumie na picha za kwaya. Bibi yule ameniuliza habari zenu zaidi ya mara moja.