Maswali ya wasomaji: Mwanangu anakwenda Lofa

Toleo lililopita niligusia miaka yangu miwili Voinjama, Liberia, nilikokuwa mjitolea wa Umoja wa Mataifa kuanzia 2008 hadi 2010, baada ya miaka mingi ya uafisa maendeleo ya jamii hapa kwetu Misungwi. Barua zimemiminika. Nimechagua tano, na hii ya kwanza nimeipa nafasi ya mbele kwa kuwa ni ya mzazi.

Salaam dada yangu. Mwanangu wa tatu amepata kazi ya kuchimba visima kaunti ya Lofa, Liberia. Kwenye ramani naona rangi ya kijani tu. Ni pahala pa namna gani, na mtoto atakula nini? (Mama wa Nansio, Ukerewe)

Mama mwenzangu, kijani hicho ni cha kweli. Lofa iko kaskazini kabisa mwa Liberia. Guinea imeizunguka kaskazini na mashariki, Sierra Leone iko magharibi. Chukua mkoa wetu wa Mwanza, weka kando maji ya ziwa, hesabu nchi kavu peke yake: kilomita za mraba 9,400 na ushee. Lofa inakaribia 10,000. Kwa ukubwa tumelingana. Lakini sensa ya 2022 ilihesabu watu 3,699,872 mkoani Mwanza. Mwaka huo huo Liberia nayo ilifanya sensa, na Lofa wakahesabiwa 367,376. Kwetu watu kumi, kwao mmoja. Nilizoea Kirumba, ambako ukinyoosha mkono umemgusa mtu. Kule nilitembea saa nzima kwenye njia ya msituni bila kuamkiana na yeyote, mpaka pale miti inapoachana ghafla, unaona mikakao na mibuni, kisha nyumba za udongo zimekaa kwa kubanana kama zinaogopa giza.

Kuna mlima Wuteve, ambao Waliberia wanakwambia ndio mrefu kuliko yote nchini mwao, karibu mita 1,400. Ziwa letu lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo kilele chao kinazidi maji yetu kwa mita mia tatu hivi. Mwambie mtoto asije akaacha sweta akidhani ni nchi ya joto tu, maana Desemba na Januari upepo mkavu wa jangwani hushuka na vumbi lake, na asubuhi ni baridi.

Mvua ndiyo ya kumwandaa nayo. Sisi tuna vuli na masika. Wao wana msimu mmoja mrefu, takribani Mei hadi Oktoba, na ukianza umeanza. Barabara ya kutoka Monrovia hupitia Gbarnga, ikavuka mto St. Paul, ikaja Zorzor, ndipo Voinjama, zaidi ya kilomita 300. Zamani zangu sehemu kubwa ilikuwa udongo mwekundu. Tope la mbuga zetu jeusi hukamata gurudumu likaling'ang'ania. Lile jekundu linateleza kama sabuni, na lori likikaa kwa ubavu linafunga njia nzima. Niliwahi kulala usiku mbili kabla ya Zorzor nyuma ya lori la mafuta ya mawese. Wanawake wa kijiji cha jirani walituletea ndizi za kuchoma bila kuombwa.

Chakula kisikuumize kichwa. Ni wali. Mtu wa Lofa anaweza kula mihogo tangu asubuhi, na jioni akakwambia hajala kitu leo, maana hajaona wali. Mboga atazitambua: kisamvu, matembele, bamia. Chakula wanachojivunia hapo ni torborgi. Jirani yangu wa kabila la Waloma aliipika mbele yangu. Alichukua mawese yaliyokaa siku nyingi mpaka yakawa na harufu kali, akayatia magadi yaliyotoka kwenye majivu, rangi nyekundu ikageuka manjano mazito. Akatumbukiza nyanya chungu, zile ngogwe zetu, akaziponda kwa mwiko, akaweka samaki mkavu na pilipili za kutosha kumtoa mtu machozi. Mara ya kwanza sikuweza. Mara ya tatu nilisukuma bakuli nikaomba tena. Siku moja nikampa dagaa niliokuwa nimebaki nao kutoka Mwaloni, akawatia humo. Mfungie mtoto dagaa, mama. Wakavu kabisa, wa kukaanga wataharibika njiani.

Mama shikamoo. Mimi ni bodaboda Sirari, ng'ambo ya mpaka naona kaunti za Kenya zina magavana wa kuchaguliwa. Na hiyo Lofa nayo ina gavana? Nani mwenye sauti?

Marahaba mwanangu. Jina la kaunti ni lile lile, kazi ni tofauti. Kenya ina kaunti 47 na kila moja huchagua gavana wake. Liberia ina kaunti 15, na mkuu wa kaunti, wanayemwita suparintendenti, huteuliwa na Rais. Mfananishe na mkuu wa mkoa wetu. Chini yake kuna makamishna wa wilaya, nao wa kuteuliwa: Voinjama, Zorzor, Salayea, Kolahun, Foya, Vahun, na Quardu Gboni. Wananchi wa kaunti huchagua maseneta wawili, wa miaka tisa, na wabunge wao, na hao hukaa Monrovia. Diwani unayeweza kumgongea mlango usiku, kama sisi, hawakuwa naye. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 2018 ndiyo iliyokuja na mabaraza ya kaunti, na niliifurahia sana, maana tuliisemea mikutanoni tangu haijaandikwa.

Kuna sababu ya kihistoria. Liberia ilijitangazia uhuru 1847, ikiongozwa na watu weusi waliotoka Marekani na kukaa pwani. Kaunti zilikuwa za pwani. Watu wa bara, kina Lofa, walitawaliwa kama majimbo ya ndani, wakilipa kodi ya nyumba kwa serikali ambayo hawakuichagua. Hadi 1964, wakati wa Rais Tubman, ndipo bara ilipopata kaunti nne: Lofa, Bong, Nimba na Grand Gedeh. Mzee wa miaka sabini Kolahun alikumbuka sherehe zile kama sisi tunavyokumbuka Desemba 9. Mwaka 2001 sehemu ya kusini ya Lofa ilimegwa ikawa Gbarpolu, kama Geita ilivyotoka kwetu 2012. Na Rais wa sasa, Joseph Boakai, aliyeapishwa Januari 2024, ni mzaliwa wa Foya huko huko Lofa. Kwa watu wa kule hilo si jambo dogo.

Lakini uliuliza nani mwenye sauti. Machifu. Sisi tuliondoa mamlaka ya watemi 1963, na Msukuma wa leo mtemi anamwona kwenye ngoma na makumbusho ya Bujora. Kule chifu ni ngazi ya serikali: chifu wa mji, juu yake chifu wa klani (klani ni eneo, msidhani ni damu peke yake), juu kabisa chifu mkuu. Katiba yao ya 1986 inasema wachaguliwe na wapiga kura kila miaka sita. Kwa miaka mingi baada ya vita uchaguzi huo haukufanyika.

Nililipata somo hilo vibaya. Mkutano wangu wa kwanza ulikuwa wa kisima, kijiji kimoja nje ya Voinjama. Nilikuwa na barua ya kamishna, mhuri juu. Nikabandika tangazo, nikafika saa nne. Hapakuja mtu. Watoto wawili na mbuzi. Saa sita mwanamke mmoja akaniita pembeni akaniuliza, "Ma, kola uliiacha wapi?" Kola ni kokwa ya kutafuna, ndiyo hodi ya kwa chifu. Nilikuwa nimempita chifu wa mji, ambaye nyumba yake ilikuwa hatua ishirini kutoka nilipoegesha gari. Nilirudi baada ya wiki na kola nyeupe nne zimefungwa kwenye jani, nikakaa kwenye kigoda cha chini nikangoja. Aliivunja kola moja, akatafuna kipande, akanipa kingine. Ni chungu, inakausha ulimi. Kisha akatuma mtoto apige ngoma, na ndani ya nusu saa uwanja ukajaa. Mama wa Nansio, na hili mwanao alijue: kisima bila kola hakichimbiki.

Mimi nalima mpunga Magu. Naambiwa Lofa ni ghala la mpunga la Liberia. Wanalimaje?

Ndugu mkulima, wanalima mlimani. Utashangaa kama nilivyoshangaa, kwa kuwa mpunga wetu ni wa majaruba, maji yamesimama na tuta limezunguka. Wao hufyeka kipande cha msitu kiangazi, hukiacha kikauke, hukichoma, na mvua ya kwanza ikigonga wanawake hutawanya mbegu kwa mkono na kuifunika kwa jembe dogo la mpini mfupi, kati ya visiki. Mwaka unaofuata husogea, kipande cha kwanza kikapumzika miaka kadhaa msitu urudi. Kazi hufanywa kwa zamu na kikundi kiitwacho kuu: leo kwako, kesho kwangu, ngoma inapigwa shambani. Ungewaona ungedhani ni basumba wa kwetu.

Ule wa bondeni upo pia, hasa Foya kwenye mabonde mapana. Miaka ya 1970 Benki ya Dunia ilifadhili mradi mkubwa wa kilimo Lofa, wa mpunga, kahawa na kakao. Vita ikaja ikafuta. Nilichokiona cha kusikitisha ni kwamba mchele wa nje, wa magunia, ulikuwa dukani hata Voinjama, mahali penye mpunga bora kuliko niliowahi kuonja, kwa sababu barabara ilifanya kuupeleka wao mjini kuwa ghali kuliko kuuleta wa ng'ambo ya bahari.

Je, ni makabila gani? Nasikia walichinjana, na Ebola ilianzia kwao. (Mwanafunzi, Igoma)

Mwanangu, Ebola haikuanzia Lofa. Ilianzia Meliandou, wilaya ya Guéckédou nchini Guinea, Desemba 2013, ikavuka kuingia Foya, na Machi 2014 ikathibitishwa. Guéckédou, Foya, na Kailahun ya Sierra Leone ni nchi ya watu wamoja, Wakissi, waliogawanywa na mistari ya wakoloni. Wanaoana, wanazikana, wanauziana mawese. Ugonjwa uliwafuata wakienda kuosha maiti za ndugu zao, jambo ambalo mtu yeyote wa hapa angelifanya. Marburg, ugonjwa ulio ndugu wa Ebola, ilipoingia Kagera 2023 niliwakumbuka. Nilikuwa na majina ya watu wa Foya kwenye simu yangu 2014, na baadhi ya namba hazikujibu tena.

Makabila: Waloma pande za Zorzor na Voinjama, Wagbandi Kolahun, Wakissi Foya, Wamende Vahun, Wakpelle Salayea, na Wamandingo, ambao wengi ni Waislamu na wafanyabiashara, Quardu Gboni na mijini. Vita ya pili ya Liberia ilianza Lofa 1999 na kuisha 2003. Karibu kila mtu niliyemfahamu alikuwa amewahi kukimbilia Guinea. Waliporudi walikuta mtu mwingine kwenye kiwanja.

Nitakusimulia siku moja tu. Februari 2010 binti wa shule alikutwa amekufa, kusini mwa Voinjama. Uvumi ukatembea kwamba ameuawa kwa kafara, na ukaota kabila na dini njiani. Kisha ukaja mwingine kwamba msikiti umechomwa, wakati ulikuwa bado mzima. Kufika mchana nyumba za ibada zilikuwa zinaungua kweli, na watu wakauawa. Nilikuwa nimejifungia ndani na majirani kumi na mmoja, Waloma na Wamandingo, tukisikiliza redio. Mwenye nyumba yangu alikuwa Mmandingo, na aliyesimama mlangoni kumficha alikuwa fundi seremala Mloma aliyemjengea dari. Sikumwona akitetemeka. Alishika randa mkononi kana kwamba yuko kazini.

Usiwaite watu wa kuchinjana, mwanangu. Sisi Kanda ya Ziwa tumezika bibi zetu waliouawa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, na macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi wa mavi ya ng'ombe waliyopikia. Uvumi tunaujua.

Mama, Kiswahili kitamsaidia mtu huko? (Fundi simu, Buzuruga)

Hapana. Wanaongea Kiingereza chao cha Kiliberia, chenye kumeza miisho ya maneno, nikakizoea mwezi wa pili. Kusalimiana hushikana mikono kisha vidole vya kati hugongana mlio utoke. Jifunze huo mlio kwanza. Kikissi kitakufurahisha, kina ngeli za majina kama sisi, ila alama ya ngeli hukaa mwishoni mwa neno. Na Waloma wana maandishi yao wenyewe, si herufi za kizungu wala za Kiarabu, yaliyobuniwa miaka ya 1930 na Wido Zobo. Wachache wanayaandika sasa. Mzee mmoja wa Zorzor aliniandikia jina langu kwa herufi hizo kwenye jalada la daftari la mikutano, kwa wino wa bluu, akaniambia nisilitupe. Ninalo hapa mezani ninapowajibu.