Hataza haipo, sawa. Nani anajua kuipika hiyo dawa?

Wanagenzi wapenzi, memo nyingine imefika mezani kwangu ikiwa na sentensi ileile: "Tumetafuta KIPI, hataza haipo, kwa hivyo hakuna kizuizi." (KIPI ni taasisi ya Kenya inayosajili hataza, yaani haki ya mvumbuzi kuwazuia wengine wasitengeneze uvumbuzi wake.) Kila kundi jipya huniletea hiyo. Nawapenda, lakini kalamu nyekundu inakwisha wino.

1. Hataza ikikosekana, kazi ndiyo kwanza inaanza. Hataza hudumu miaka 20 na humlazimu mwenyewe kueleza uvumbuzi wake. Siri ya biashara, yaani ujuzi ambao kampuni haiutoi nje, haina tarehe ya kwisha. Premarin, dawa ya homoni inayotokana na mkojo wa farasi wenye mimba, imeuzwa Marekani tangu 1942. Hataza zake za mwanzo zilikufa zamani, ila mwaka 2003 mahakama ya Minnesota ilimzuia mshindani kwa sababu njia ya kuzitoa homoni hizo ilikuwa bado siri. Nanyi mnaniandikia "hakuna kizuizi".

Vidonge vya kawaida mkemia hodari huweza kuvichambua akajua vimetengenezwaje. Chanjo na dawa za kibayolojia ni mambo mengine, kwa kuwa utengenezaji wenyewe ndio dawa. Oktoba 2020 Moderna, kampuni ya dawa ya Marekani, ilisema haitamshtaki mtu kwa hataza zake za chanjo ya Covid wakati wa janga. Vizuri, lakini haikufundisha mtu kuitengeneza. Afrigen, kampuni ya Cape Town iliyotaka kutengeneza chanjo kama hiyo, ilibidi ijitafutie njia kwa yale yaliyokwisha kuchapishwa. Hata leseni ya lazima (kibali cha kutumia hataza bila idhini ya mwenyewe), au kifungu cha 80 cha Sheria yetu ya Mali ya Viwanda mnachopenda kukinukuu, kinachoiruhusu serikali kuitumia hataza, hukupa ruhusa tu. Ujuzi unabaki kiwandani kwa mwenyewe.

2. Someni mkataba wa usiri hadi ukurasa wa mwisho. Hapa nina kovu.

Nilipokuwa mgeni kama ninyi, msambazaji mmoja alikubali kutuonyesha bei anazonunulia dawa za saratani, mradi tutie saini ya kutotoa siri. Nilijiona mjanja kweli. Nikasoma kurasa mbili, nikaruka zilizobaki, nikasaini, nikaupiga picha mkataba na kumtumia bosi kwa WhatsApp pamoja na kidole gumba. Humo ndani "habari za siri" zilikuwa chochote tutakachoambiwa, pamoja na lolote litakalotokana nacho. Hakikuwepo kipengele cha kuondoa habari zilizo wazi kwa umma, wala zile tulizokuwa nazo kabla. Muda: bila kikomo.

Tatizo ni kwamba bei nyingine tulikuwa tumezikusanya wenyewe, kwa wagonjwa na kwenye maduka ya dawa mjini. Mimi nilizimwaga zote kwenye jedwali moja la Excel, bila tarehe wala chanzo. Tulipoambatisha jedwali kwenye hati ya kiapo ya kesi, barua ya wakili wao ilifika upesi: takwimu hizi ni za mteja wetu, ziondoeni. Zipi zilikuwa zake na zipi zetu? Sikuweza kuthibitisha. Tukaliondoa jedwali zima.

Mama mmoja aliyekuwa ametupa risiti zake aliniuliza, "Sasa mwanangu, pesa nilizolipa mimi pia ni siri yao?" Nilianza kumweleza habari za ushahidi na vyanzo. Akanisikiliza kwa heshima, kisha akaomba arudishiwe risiti zake.

3. Mkijibiwa "hiyo ni siri ya biashara", ulizeni madhara ni yapi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inalinda maslahi ya kibiashara katika kifungu cha 6, lakini kifungu hichohicho kinaruhusu habari kutolewa pale manufaa ya umma yanapozidi madhara. Siku 21 kujibiwa, saa 48 kama uhai wa mtu umo hatarini, na ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Tafadhali ombeni kitu mahususi. Mmoja wenu (anajijua) aliomba "taarifa zote kuhusu dawa nchini Kenya". Zote! Afrika Kusini, Agosti 2023, mahakama ya Pretoria iliamuru mikataba ya chanjo za Covid itolewe licha ya serikali kujificha nyuma ya vipengele vya usiri. Walioomba walijua wanataka hati gani.

4. Ibara ya 39.3 ya TRIPS, mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu hataza na haki kama hizo, haitaji idadi yoyote ya miaka ya kuwafungia washindani data za majaribio ya dawa, kwa hivyo mkisikia "mitano" mwombeni msemaji awaonyeshe mstari.

5. Kesi ya Asero ya 2012, ya Kenya kuhusu sheria ya bidhaa bandia na dawa nafuu za UKIMWI, isomeni nzima. Jaji Mumbi Ngugi hakuandika muhtasari.

6. Kila bei iwe na chanzo na tarehe.

Na aliyeacha rasimu ya mkataba wa usiri kwenye printa jana jioni: ninayo. Kipengele cha tano ni cha hovyo. Njoo na kalamu.